Ufunguo wa Pili: Maneno Niliyowaambia Wazazi wa Likoni, Mombasa, Kuhusu Mchezo wa Kulenga Shabaha

Bwana Chifu, mashekhe na wachungaji wetu, wazee wa mtaa na wa nyumba kumi, walimu wenzangu, akina mama na akina baba, nanyi vijana mliosimama pale nyuma karibu na mlango: assalamu alaykum, na amani iwe kwenu nyote.

Wiki iliyopita, nilipokuwa nikipita nyumba kwa nyumba kuwaalika katika kikao hiki, mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa maji ya kunywa, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, katika michezo yote iliyoko duniani, wewe umeona utuletee bunduki?" Nilimshukuru kwa maji, nikaaga, na nilipofika barabarani ndipo nilipotambua kwamba sikumjibu. Nimekuja leo kumjibu mbele yenu nyote, kwa sababu swali lake ndilo swali la mtaa mzima, na sioni haki ya mtu yeyote kuanzisha mchezo huu hapa kabla swali hilo halijajibiwa na aliyeuliza hajaridhika.

Kwanza niseme ni kitu gani hasa tunachokizungumzia, maana nimesikia maneno mengi kivukoni. Kuna aliyesema kwamba vijana watapewa mafunzo ya kijeshi, na mwingine akasema wanaandaliwa kuwa walinzi wa wanasiasa uchaguzi ukikaribia. Tunachopendekeza ni mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki ya hewa, umbali wa mita 10, ndani ya ukumbi uliofungwa. Bunduki ya hewa haina baruti. Inasukuma kidonge chenye kipenyo cha milimita 4.5 kwa nguvu ya hewa iliyobanwa, na kidonge hicho hukomea ndani ya kasha la chuma lililo nyuma ya karatasi ya shabaha. Sitawadanganya kwamba ni kitu cha kuchezea, kwa kuwa kidonge hicho kinaweza kumpofua mtu, na ndiyo maana sehemu kubwa ya maneno yangu leo itahusu makufuli kuliko medali.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Ulikuwemo katika Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, Athens mwaka 1896. Katika shindano la bunduki ya hewa mlengaji hufyatua mara 60 katika dakika 75, akiwa amesimama, na nukta ya katikati anayoitafuta ina kipenyo cha nusu milimita. Kidonge kina upana mara tisa ya nukta hiyo. Chukueni karatasi, wekeni nukta moja kwa kalamu yenye ncha nyembamba, ibandikeni ukutani, kisha rudini nyuma hatua kumi na mbili au kumi na tatu. Nukta hamtaiona tena. Mlengaji naye haioni. Anachoweza kufanya ni kuutuliza mwili wake, kuipanga pumzi yake, kuuachilia mkono wake usiwe na haraka, na kukubali kwamba akifyatua akiwa na hasira au na pupa, karatasi itamshitaki mara moja mbele ya watu wote.

Hapo ndipo mimi, niliyefundisha watoto wa mji huu hesabu na michezo kwa miaka mingi, nilipoanza kuupenda mchezo huu. Mpira wa miguu ninaupenda kama nyinyi, na hakuna anayekuja kuubadilisha. Hata hivyo kila mwaka darasani nilikuwa na watoto watatu au wanne ambao mpira uliwaacha pembeni: mmoja mnene, mmoja mwenye pumu, mmoja mwenye mguu uliopooza, na mmoja mwenye haya asiyeweza kupiga kelele akaomba pasi. Watoto hao hao niliwakuta nyuma ya madarasa wakiwa na manati, wakiangusha embe moja lililo kileleni bila kuligusa tawi. Niliwanyang'anya manati hayo, kama kila mwalimu alivyofanya, nikayafungia kabatini, na sikuwahi kujiuliza kwamba huenda nilikuwa ninafungia kitu chenye manufaa.

Katika mchezo huu mwili hauna daraja. Mhungaria mmoja, Károly Takács, aliharibiwa mkono wake wa kulia na guruneti mwaka 1938, akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, akashinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1948 na tena mwaka 1952. Walemavu wamekuwa na mashindano yao ya kulenga shabaha katika Paralimpiki tangu mwaka 1976. Huko Paris mwaka 2024 msichana wa Korea Kusini mwenye umri wa miaka 16, Ban Hyo-jin, alishinda dhahabu ya bunduki ya hewa ya mita 10, ilhali alikuwa ameanza kujifunza mchezo huo mwaka 2021. Katika michezo hiyo hiyo Mturuki Yusuf Dikeç, mwenye umri wa miaka 51, alipata medali ya fedha akiwa amesimama na mkono mmoja mfukoni, na picha yake nina hakika vijana pale nyuma wanayo katika simu zao. Kwa wale walioniuliza kuhusu stara ya mabinti, Elaheh Ahmadi wa Iran alifika fainali ya mchezo huu huko London mwaka 2012 akiwa amevaa hijabu, na katika mashindano hayo hayo Nur Suryani Mohd Taibi wa Malaysia alisimama kwenye mstari akiwa na mimba ya miezi minane. Sidhani kuna mchezo mwingine wa Olimpiki ambao hilo lingewezekana, ila labda kupanda farasi, na farasi sisi hatuna.

Sasa nirudi kwa yule mama, maana najua hakuniuliza habari za Korea.

Likoni si mtaa ambao mtu anaweza kutamka neno bunduki akaendelea na mazungumzo mengine. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha hapa kilivamiwa, askari wakauawa na bunduki zikaporwa, na wiki zilizofuata watu walilala makanisani, wengine wakavuka na magodoro yao wasirudi tena. Waliokuwa watoto wakati ule ndio wazazi waliokaa mbele yangu sasa. Baada ya hapo zikaja hofu nyingine: vijana waliochukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha, vijana waliovuka mipaka wakapotelea huko, na hivi karibuni watoto wa umri wa shule wanaotembea kwa makundi na mapanga. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mtu anayekuja hapa na mpango wa michezo uliochapwa vizuri, akashangaa kwamba wazazi hawashangilii, huyo hajui amesimama wapi.

Kwa hiyo mimi siji kuwaomba mshangilie. Nimeona miradi ya vijana katika mji huu ambayo jamii "ilihusishwa" kwa kualikwa siku ya ufunguzi, ikapewa soda na fulana, ikapigwa picha, na siku mambo yalipokwenda kombo hakuna mzazi aliyejua hata nambari ya simu ya msimamizi. Ninachokiita kuungwa mkono ni kitu kingine: kwamba nyinyi wazazi mwe na uwezo wa kuufunga mpango huu siku yoyote, bila kuniomba ruhusa na bila kueleza sababu ndefu.

Jambo hilo litatendeka hivi. Vifaa vyote vitakaa katika sanduku la chuma lililokazwa ukutani kwa boliti, ndani ya chumba chenye mlango wa chuma. Sanduku hilo lina makufuli mawili tofauti. Ufunguo wa kwanza atakuwa nao mkufunzi. Ufunguo wa pili hatakuwa nao mkufunzi, wala mimi, wala mfadhili yeyote. Utakaa kwa kamati ya wazazi mtakayoichagua nyinyi, na mzazi mwenye zamu atafika mwenyewe kulifungua, atahesabu vifaa, atatia sahihi katika daftari, atakaa mpaka mwisho wa mazoezi, na atahesabu tena kabla ya kufunga. Asipofika, siku hiyo hakuna mazoezi. Ikiwa kamati haitafika kwa mwezi mzima, basi mwezi mzima hakuna mazoezi, na hapo nitakuwa nimepata jibu lenu bila kuitisha mkutano. Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba utaratibu huu utauua mpango, kwa sababu wazazi wa siku hizi hawana muda. Huenda anasema kweli. Lakini mpango wa bunduki ambao wazazi hawana muda nao ni bora ufe.

Yako pia mambo ya kisheria, ambayo nitayapita haraka kwa kuwa hayana mjadala. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya sheria za Kenya, haimwachii mtu nafasi ya kujiamulia, na hakuna bunduki itakayoingia hapa kabla Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha haijatupa majibu yake kwa maandishi. Klabu itasajiliwa kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013. Mkuu wa kituo cha polisi atapewa nakala ya kila kitu, pamoja na ratiba. Nakala nyingine itabandikwa ubaoni nje ya ukumbi huu, ili atakayetaka kujua asilazimike kumwuliza mtu.

Wakati tunasubiri majibu hayo hatutakaa bure, na hapa nawaomba wazee wanisikilize vizuri. Muhula wa kwanza wote hautakuwa na kidonge hata kimoja. Vijana watajifunza kusimama, kupumua na kulenga kwa vifaa vya leza, ambavyo hutoa mwanga tu, kama vile vilivyotumiwa katika pentatloni ya kisasa, shindano linalounganisha michezo mitano, kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Vifaa hivyo tutavipaka rangi ya machungwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na havitatoka nje ya ukumbi huu kwa hali yoyote, hata kwa kuonyeshwa bibi nyumbani. Sote tunajua yatakayompata kijana wa Mtongwe au wa Majengo atakayeonekana usiku akiwa na kitu kinachofanana na bastola. Atakayekuwa ameshika silaha ya kweli mbele yake hatamwuliza kama ni leza.

Kwa sababu hiyo hiyo kutakuwa na kanuni moja ambayo vijana hawataipenda, na ninaona baadhi yao wameanza kunong'ona: hakuna picha. Hakuna kijana atakayepigwa picha akiwa ameshika kifaa, si na mwenzake, si na mkufunzi, si na mwandishi wa habari, si na mgeni wa heshima. Picha ya kijana wa Likoni akiwa ameshika bunduki, hata ikiwa nyuma yake kuna karatasi ya shabaha na bango la klabu, ikikatwa pembezoni na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp, hubakia picha ya kijana wa Likoni akiwa ameshika bunduki. Simu zitaachwa mlangoni katika kikapu. Mfadhili atakayesema kwamba hawezi kutoa pesa bila picha, tutamshukuru na kumsindikiza hadi kivukoni.

Baba mmoja alinitajia jambo ambalo sikulitarajia, na namshukuru kwa hilo. Alikumbusha kwamba risasi, kabla ya kuwa jina la kitu kinachotoka katika bunduki, ni jina la madini, na kwamba vidonge vingi vya bunduki za hewa vimetengenezwa kwa madini hayo. Yeye ana jamaa zake Owino Uhuru, kule Mikindani, ambako moshi na maji machafu ya kiwanda cha kuyeyusha betri viliwatia watu sumu ya risasi, watoto kwa wakubwa, mpaka mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya hapa Mombasa ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Aliniuliza kama nimekuja kuwaletea watoto sumu ile ile katika pakiti ndogo. Nilikwenda nikasoma, na hii ndiyo hali: vipo vidonge visivyo na risasi, vilivyotengenezwa kwa bati, navyo ni ghali zaidi. Tutatumia hivyo. Pamoja na hivyo, hakuna atakayekula au kunywa katika chumba cha kulengea, kila mtu atanawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka, na sakafu haitafagiliwa kwa ufagio mkavu unaorusha vumbi bali itapigwa deki. Ikiwa siku moja vidonge vya bati vitakosekana, tutarudi kwenye leza mpaka vipatikane.

Limebaki swali gumu kuliko yote, na sitaki kulikwepa: je, kijana aliyefunzwa kulenga, kesho akishika silaha ya kweli, hatakuwa hatari zaidi? Nimeulizwa hili na mchungaji, nimeulizwa na mzee wa nyumba kumi, na usiku nimejiuliza mwenyewe. Siwezi kuwaapia. Ninaloweza kusema ni kwamba anachojifunza kijana hapa ni kusimama kimya katika koti zito, mbele ya karatasi isiyosogea, na kwamba amri anayoizoea kuliko zote ni ile ya kusimamisha: neno "acha" likitamkwa na mtu yeyote ndani ya chumba, hata mtoto, kila kidole hutoka kwenye kifyatulio na kila mdomo wa bunduki hubaki ukielekea shabaha. Kijana atakayemwelekezea mwenzake mdomo wa bunduki, ikiwa na kidonge au haina, kwa mzaha au kwa bahati mbaya, atakuwa amemaliza safari yake nasi siku hiyo. Hata hivyo najua kwamba ujuzi ni ujuzi, na tabia haipimwi kwa mtihani wa mwezi mmoja.

Ndiyo maana tumebishana sana kuhusu nani aingie. Wapo waliotaka tuwachukue tu watoto wenye alama nzuri na barua ya tabia njema kutoka kwa mwalimu mkuu. Mpango wa namna hiyo utakuwa salama sana, na utawasaidia watoto ambao hawakuhitaji msaada wetu. Wapo wengine waliotaka tuende moja kwa moja maskani, tuwachukue vijana wanaoshinda pale wakitafuna majani ya muguka yanayochangamsha, tuwape kitu cha kufanya. Wote wawili ninawaelewa. Msimamo wangu, ambao kamati inaweza kuukataa, ni kwamba mlango wa leza uwe wazi kwa kijana yeyote mwenye umri kati ya miaka 13 na 17 ambaye mzazi au mlezi wake atakuja mwenyewe kutia sahihi, bila kumwuliza alikuwa wapi mwaka jana. Na mlango wa bunduki ya hewa uwe mwembamba, apite tu yule ambaye kamati, baada ya kumwona muhula mzima, imekubaliana juu yake bila mjumbe hata mmoja kupinga. Atakayezuiliwa hatafukuzwa. Atabaki na leza, au atahamia kwenye upinde na mishale, mchezo ambao pia una Olimpiki yake. Shehzana Anwar aliibeba bendera ya Kenya huko Rio mwaka 2016 akiwa mpiga mishale, na Pwani hii ilijua uta muda mrefu kabla ya Olimpiki.

Kuhusu faida, nitasema machache ili nisije nikadaiwa. Sina ahadi ya medali. Bunduki moja ya hewa ya kiwango cha mashindano makubwa ina bei inayoweza kununua bodaboda mpya zaidi ya moja, kwa hiyo tutaanza na chache za mazoezi, na vijana watapokezana. Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambayo ingekuwa ngazi ya karibu kwetu, iliuacha mchezo huu Birmingham mwaka 2022, na sina uhakika utarudi lini. Kijana wenu akikaa nasi miaka miwili, huenda asipate chochote cha kutundika ukutani isipokuwa karatasi zake za shabaha, zenye tarehe, za mwanzo zikiwa na matundu yaliyotawanyika huku na huku, za mwisho zikiwa na tundu moja lililochanika kidogo kwa sababu vidonge vingi vimepita hapo hapo. Mimi nimezitazama karatasi za namna hiyo na nimeona zinasema mengi, ila najua si kitu cha kulipia karo.

Kinachofuata ni hiki. Leo hatupigi kura. Mtakwenda nyumbani, mtazungumza na walio nyumbani, na Jumamosi ijayo baada ya sala ya alasiri tutakutana tena hapa. Mimi sitakuwepo ukumbini wakati wa kura. Nitakaa nje na vijana. Mkisema hapana, nitarudisha fomu kwa waliotusaidia kuzichapa, na sanduku litapewa shule ya jirani ihifadhie vitabu. Mkisema ndiyo, mtachagua watu saba, na angalau wanne wawe akina mama, kwa sababu nimeona wao ndio wanaokumbuka kuhesabu mara ya pili.

Sanduku lenyewe liko pale mezani, karibu na mlango. Liko wazi na halina kitu ndani, mnaweza kulikagua mnapotoka, mtikise bawaba zake na kujaribu makufuli. Ufunguo mmoja ninao mfukoni. Wa pili umefungwa kwa utepe mwekundu juu ya meza, na bado hauna mwenyewe. Mama aliyeniuliza lile swali amekaa safu ya tatu. Nimemwona tangu nilipoanza, na hajatikisa kichwa wala hajatabasamu. Kabla sijakaa, namwomba yeye ndiye awe wa kwanza kusema.